Nürburgring: ni kweli mtu wa kawaida anaingiza gari?

dereva_mpole: Wakuu habari zenu. Mwezi wa saba nitakuwa Ujerumani wiki mbili, nimesikia ile njia ndefu ya uwanja wa mbio za magari wa Nürburgring, inaitwa Nordschleife, siku zisizo na mashindano yeyote analipia mzunguko anaingia na gari anaendesha. Kweli au stori za kijiweni? Nawaza nikodi gari uwanja wa ndege niende nalo moja kwa moja. Leseni ninayo, rekodi sitafuti.

kona73: Kweli mkuu, wamefungua 1927 na raia wanaingia tangu enzi hizo. Ila hiyo ya gari la uwanja wa ndege futa kichwani. Soma mkataba, kampuni za kawaida zinakataza, ukibamiza bima inakuruka. Na ukigonga vile vyuma vya pembeni unavilipa wewe, gari la kuvuta wewe, wakifunga njia kwa sababu yako unaweza kudaiwa na hiyo. Pale pale jirani kuna watu wanakodisha magari yaliyoandaliwa kwa kazi hiyo, chukua huko, na uliza mapema ukiliharibu unalipa mpaka euro ngapi.

mzee_wa_gia: Naongezea. Siku hizo ile inahesabika barabara ya kulipia, ya kwenda upande mmoja, sheria za barabarani ziko palepale. Kuovateki ni kushoto tu, wewe mgeni kaa kulia na macho kwenye kioo maana kuna watu wanatokea nyuma kama mshale. Kujipima muda marufuku. Ni kilomita 20.8, kona 73 na kuna wanaohesabu zaidi, nyingine zimejificha nyuma ya kilima huoni unakoangukia, halafu huku kukavu kule kwenye kona ya Karussell mvua inamwagika. Jackie Stewart, yule dereva wa Formula 1 (F1), hakukosea kupaita Jehanamu ya Kijani. Dereva mwenzake Niki Lauda aliungua pale 1976 na F1 haikurudi tena kwenye njia hiyo, waliporudi Nürburgring 1984 ilikuwa uwanja mpya mfupi.

mama_turbo: Mimi nilienda sikuendesha hata mita moja na nilifurahi kuliko mume wangu aliyeendesha 😂 Nendeni Brünnchen, sehemu ya watazamaji pembeni ya njia, unasimama nyuma ya uzio hulipi kitu, watu wamekuja na viti vyao, inapita Porsche inanguruma halafu nyuma yake kigari cha familia kina kiti cha mtoto, nacho kinajikaza. Ukichoka panda kwenye magofu ya ngome ya Nürburg, unaiona milima ya Eifel yote. Angalia kalenda yao kwanza, kuna siku kampuni za magari zinajaribia magari yao na nyie wageni hamuingii.

dereva_mpole: Duh, nimefungua mkataba, Nürburgring imeandikwa kwa jina kabisa. Sasa kuna namna ya kupakiwa tu na dereva anayeijua?

kona73: Ipo, weka nafasi mapema. Na asubuhi hiyo chai tupu, usije ukamchafulia mtu gari.