Wakala wa AI kusoma historia ya Step Functions: terminali, MCP au zana ya kujiandikia?

bandari_dev
Wakuu salaam. Tuna mtiririko wa Step Functions, huduma ya AWS ya kuendesha kazi hatua kwa hatua (aina ya Standard), unaolinganisha malipo ya simu na rekodi za benki kila usiku. Ukianguka, aliye zamu anafungua konsoli na kubofya tukio baada ya tukio mpaka alipate lililokwama. Bosi sasa anataka wakala wa AI aulizwe tu "jana usiku kulikwama wapi na kwa nini?" na ajibu. Naona njia tatu: kumpa wakala terminali yenye AWS CLI (amri za AWS), kumuunganishia seva ya MCP (itifaki ya kumpa wakala zana) iliyo tayari, au kuandika zana yetu kwa Python. Tuko wawili tu, msituongezee mzigo wa kutunza. Nani kapita huku?

nahodha_seva
Terminali inatosha, mkuu. Mpe role (kifurushi cha ruhusa za AWS) yenye ListExecutions, DescribeExecution na GetExecutionHistory, basi. StartExecution na RedriveExecution, zinazoanzisha au kuendeleza upya kazi, asizione kabisa. Wakala akikuta kazi imeanguka atataka kusaidia, na kwenye malipo msaada huo ndio unaomlipa mtu mara mbili. Amri zenyewe modeli kubwa zinazijua vizuri, huna cha kuandika.

Bi_Rekodi
Nahodha, kwenye ruhusa za kuandika nakuunga mkono. Ila umeruka kilichomo ndani ya historia. Kila hatua ya mtiririko inaacha input na output yake humo, na kwa mtiririko wa malipo hizo ni namba za simu, majina na kiasi. GetExecutionHistory ina kigezo `includeExecutionData`, ambacho usipokigusa ni true. Ruhusa ya IAM (mfumo wa ruhusa wa AWS) ni moja tu: anayeweza kusoma bila data anaweza kusoma na data. Kwa hiyo ukimpa wakala terminali, kinachozilinda namba za wateja ni sentensi uliyomwandikia kwenye maelekezo. Mimi siwezi kumwambia mkaguzi hivyo, iwe chini ya sheria ya kulinda data ya Kenya ya 2019 au ya Tanzania ya 2022.

Ukiandika zana yako, `includeExecutionData` inawekwa `false` ndani ya kodi na wakala hana swichi ya kuigeuza. Bado pitisha maelezo ya kosa kwenye kichujio, maana kuna watu wanachapa namba ya mteja ndani ya ujumbe wa kosa.

kaka_jenkins
Na urefu je? Historia ya utekelezaji mmoja inaweza kufika matukio 25,000. API inatoa 100 kwa ukurasa usipotaja kitu, 1,000 ukiomba. Wakala anaanza mwanzo, anasoma kurasa za "TaskStateEntered", anajaza kumbukumbu yake, halafu anakupa jibu la kubuni kabla hajafika kwenye kosa. Weka `reverseOrder`. Kosa liko mwishoni, asomee huko.

nahodha_seva
reverseOrder ipo hata kwenye CLI 😀 Ila hoja ya Bi Rekodi imenikaa. Sisi mitiririko yetu ni ya kujenga programu, haina data ya watu, ndiyo maana sijawahi kuumia.

tumaini_k
Kuhusu MCP, angalia jina lisikudanganye. Ile seva ya awslabs (miradi huria ya AWS) yenye "stepfunctions-tool" kazi yake ni kumfanya wakala *aendeshe* mitiririko yako kama zana. Ni kinyume cha unachotafuta. Ya kusoma ni ile ya jumla ya AWS API, inayoweza kuwekwa iwe ya kusoma tu, lakini kwa suala la data inabaki palepale na terminali. Kwa GitHub Actions ningesema chukua MCP yao bila kufikiria: unaomba logi za kazi zilizoanguka peke yake na mistari ya mwisho tu. Kwa Step Functions, andika yako. Ni faili moja la boto3, maktaba ya Python ya kuita AWS.

bandari_dev
Nimeelewa, tunaandika yetu. Kuna mtiririko mwingine mdogo wa Express (aina ya kazi fupi) unaotuma SMS. Zana hiyohiyo itausoma?

kaka_jenkins
Hapana. ListExecutions haifanyi kazi kwa Express. Historia yake unaipata CloudWatch Logs (hifadhi ya logi ya AWS), tena kama mliwasha logi. Kama hamkuwasha, ya jana imekwenda. Ya Standard hukaa siku 90 baada ya kumalizika.

Halafu saa. API inarudisha UTC. Kazi ya saa nane usiku ya Jumanne kwenu, kule ni saa tano usiku ya Jumatatu. Akiulizwa "jana" atachagua tarehe isiyo yenyewe. Zana ipokee saa za Nairobi na kugeuza yenyewe, usimwachie wakala hesabu hiyo.

Bi_Rekodi
Swali la mwisho, bandari: mna Distributed Map humo, ile hatua inayogawa kazi kwa utekelezaji mdogo mdogo (watoto)?

bandari_dev
Ipo, kila faili la benki linachakatwa kivyake.

Bi_Rekodi
Basi historia ya mzazi itakwambia tu kwamba Map imeanguka. Kosa lenyewe liko kwa mtoto, na kila mtoto ana historia yake. Zana ianze na ListMapRuns, kisha ListExecutions kwa `mapRunArn` ikichuja FAILED, ndipo iombe historia ya mtoto mmoja au wawili. Makosa yao mara nyingi ni yaleyale.

bandari_dev
Kumbe ndiyo maana aliye zamu hubofya mpaka alfajiri. Naanza na hiyo ya watoto.