Matangazo mawili, wahojiwa 400: je, A limeshinda? Na takwimu za kazi hii mtu aanze kujifunza wapi?

MgeniWaTakwimu
Wakuu, habari za kazi. Tumejaribu matangazo mawili ya redio ya sabuni ya unga. Wahojiwa 200 walisikilizishwa A, wengine 200 wakasikilizishwa B. Kesho yake walipigiwa simu na kuulizwa jina la sabuni bila kudokezwa. Wa A waliokumbuka ni 96 (asilimia 48), wa B ni 78 (asilimia 39). Meneja anataka ripoti ya mteja iseme A limeshinda. Sampuli ilipangwa kwa fomula ya Yamane (ya kukokotoa idadi ya wahojiwa), kosa la 0.05, ikatoka 400.

Wahojiwa walijibu pia maswali manne ya "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa", ngazi 1 hadi 5. Na upande wa uhusiano wa umma zipo habari 100 za magazeti, zimesomwa na watu wawili na kupangwa kuwa nzuri au mbaya kwa kampuni.

Naomba kujua: A limeshinda au la? Hayo maswali manne niyafanyie jaribio la t (la kulinganisha wastani wa makundi mawili)? Na anayetaka takwimu za kufanyia kazi, si za kufaulia mtihani, aanze na nini?

Kokotoa
Kwa namba hizo, ripoti isiandike kwamba A limeshinda. Hesabu ni fupi, ifanye kwa mkono walau mara moja ili ujue programu inafanya nini ndani. Waliokumbuka kwa jumla ni 174 kati ya 400. Matangazo yangekuwa na nguvu sawa, kila kundi lingetarajiwa kuwa na 87 wanaokumbuka na 113 wasiokumbuka. Kila chumba cha jedwali kimeachana na matarajio kwa 9, na 9 mara 9 ni 81. Chukua 81/87 mara mbili, ongeza 81/113 mara mbili, unapata kai-mraba (kipimo cha jinsi hesabu zilivyoachana na matarajio) ya 3.30. Kwa jedwali la mbili kwa mbili, kizingiti cha asilimia 5 ni 3.84. Hujakifikia, p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivi au zaidi kama matangazo yangekuwa na nguvu sawa) ni kama 0.07.

Usiishie kwenye p. Mpe mteja tofauti yenyewe na mipaka yake: pointi 9, na mipaka ya uhakika wa asilimia 95 inaanzia -0.7 hadi 18.7. Hapo anaona mwenyewe kwamba A inaweza kuwa mbele kwa mbali, na inaweza pia isiwe mbele kabisa. Asije mtu akaandika "matangazo yako sawa". Hilo nalo halijathibitika.

Shida yako ilianza kwenye Yamane. Fomula ile, n = N/(1 + N × e²), ambapo N ni watu wote na e ni kosa, inakadiria asilimia moja ya kundi moja. Ndani yake wamechukulia uwiano wa 0.5 na wakakadiria 1.96 kuwa 2, ndiyo maana watu wakiwa wengi inaganda kwenye 400, na tasnifu za vyuoni zimejaa 398, 399 na 400. Haijui kama unalinganisha makundi mawili. Ukishagawanya 400 kwa mbili, kila kundi peke yake lina kosa la karibu pointi 7 juu na chini.

Kwa kulinganisha, tumia hii: n kwa kila kundi = 7.84 × (p1q1 + p2q2) ÷ tofauti yenye kipeo cha pili. Hapa p1 na p2 ni uwiano wa waliokumbuka katika kila kundi, na q ni 1 toa p yake. Hiyo 7.84 ni (1.96 + 0.84) kipeo cha pili, inakupa uwezekano wa asilimia 80 wa kuigundua tofauti kama kweli ipo. Weka 0.48 na 0.39: 7.84 × 0.4875 ÷ 0.0081 = 472 kwa kila tangazo. Ulihitaji watu 944.

Tahadhari ya Excel: CHISQ.TEST, fomula yake ya kai-mraba, inataka jedwali la hesabu halisi na jedwali la matarajio, yote mawili. Ukiiwekea asilimia 48 na 39 badala ya 96 na 78, itadhani kila kundi lina watu 100 na kai-mraba itapungua nusu.

Bi Dodoso
Kokotoa amejibu vizuri, lakini hesabu hiyo ina maana tu kama watu waligawanywa kwa bahati nasibu. A likisikika Temeke asubuhi na B Kinondoni jioni, unapima mtaa na saa, na hakuna fomula ya kukuokoa hapo.

La pili, waliochaguliwa mtaa kwa mtaa hawahesabiki kama watu 400 huru, maana majirani hufanana. Mkichukua mitaa 20, watu 20 kila mtaa, na ufanano wa ndani ukiwa 0.05 tu, zidisho la usanifu ni 1 + 19 × 0.05 = 1.95. Gawanya 400 kwa hiyo: watu 400 wanakuwa na uzito wa watu 205 huru.

La tatu, mkija kuuliza kwa kudokeza ("uliwahi kusikia tangazo la sabuni hii?"), chomekeni tangazo la uongo ambalo halijawahi kurushwa popote. Watakuwepo watakaosema walilisikia, kwa adabu au kwa kuchanganya. Asilimia hiyo ndiyo kelele ya dodoso lako.

MgeniWaTakwimu
Shukrani sana. Tulipiga kura kwenye orodha ya simu, kwa hiyo mgawanyo ulikuwa wa nasibu, na hatukwenda kwa mitaa. Awamu ijayo, je, watu walewale wakisikiliza matangazo yote mawili sitapunguza gharama?

Kokotoa
Inawezekana, ila hiyo kai-mraba iache, tumia jaribio la McNemar. Haliwatazami waliokumbuka yote wala waliosahau yote. Linawatazama waliokumbuka moja tu. Chukua watu 200, asilimia zibaki 48 na 39. Wakiwa 50 wamekumbuka A pekee na 32 B pekee: (50 − 32)² ÷ (50 + 32) = 324/82 = 3.95, umevuka 3.84. Wakiwa 70 na 52: 324/122 = 2.66, hujavuka. Asilimia ni zilezile, hukumu mbili. Kwa hiyo hifadhi jibu la kila mtu kwenye mstari wake. Wanaoleta jumla peke yake hawasaidiki.

Nusu ya watu waanze na A, nusu na B. Na sabuni ziwe na majina mawili tofauti, la sivyo hutajua jina limekumbukwa kwa sababu ya tangazo lipi.

Ngazi Tano
Kuhusu maswali manne. Kwanza tafuta swali lililogeuzwa, mfano "tangazo hili linachosha". Jibu lake geuza: 6 toa alama aliyotoa. Likisahaulika, alfa ya Cronbach (kipimo cha jinsi maswali yanavyokwenda pamoja) huporomoka, hata kuwa hasi, na watu huanza kufuta maswali mazima bila kosa. Alfa ikiwa 0.70 au zaidi, chukua wastani wa maswali manne kwa kila mtu, kisha fanya jaribio la t la Welch, lisilodai makundi yatawanyike sawa.

Swali moja moja usilifanyie t. Toa asilimia kwa kila ngazi, na kama lazima ulinganishe, tumia Mann-Whitney, jaribio linalotazama mpangilio wa alama badala ya wastani. Alama ya 4 na 5 si lazima ziwe mbali sawa na 2 na 3.

Kokotoa
Hapo tunatofautiana kidogo. Kwa watu 200 kila upande, t kwenye swali moja la ngazi tano mara nyingi itakupa hukumu ileile ya Mann-Whitney. Kinachoniudhi zaidi ni swali lenye mawili ndani, "linavutia na linaaminika". Hilo halina jaribio lolote.

Ngazi Tano
Kwa swali lililolundikana upande mmoja, nabaki na Mann-Whitney. La maswali ya mapacha sibishi.

Mwingine wa kuogopa ni mtindo wa kukata data kwa jinsia, umri, mkoa, simu, hadi kitu "kitoke". Ukifanya majaribio 20 huru kwenye data isiyo na kitu, uwezekano wa kupata angalau ushindi mmoja wa uongo ni asilimia 64. Amua makundi kabla ya kwenda uwanjani, au gawa kizingiti cha 0.05 kwa idadi ya majaribio.

Mhariri wa Kodi
Habari 100 za magazeti: usifurahie wasomaji kukubaliana asilimia 80. Kama kila mmoja ameweka 80 "nzuri" na 20 "mbaya", wangekubaliana asilimia 68 hata wakiandika wamefumba macho (0.8 × 0.8 + 0.2 × 0.2). Kapa ya Cohen, inayopima makubaliano yaliyozidi ya bahati, ni (0.80 − 0.68) ÷ (1 − 0.68) = 0.375. Ni dhaifu. Dawa yake ni kuandika upya mwongozo: habari inayomnukuu msemaji wa kampuni na mlalamikaji inakwenda wapi? Ongeza fungu la "mchanganyiko", wajaribu habari nyingine kando, kila mtu peke yake, kisha warudie zile 100 zote. Krippendorff alipendekeza alfa yake (kipimo kingine cha makubaliano ya wasomaji, si ile ya Cronbach) ifike 0.80, na chini ya 0.667 usitoe hitimisho.

Meneja akitaka sentimita za gazeti zizidishwe kwa bei ya tangazo ili kupata "thamani ya habari", mkatalie. Kanuni za Barcelona za 2010, za upimaji wa uhusiano wa umma, zilisema wazi kwamba hesabu hiyo si thamani ya uhusiano wa umma.

Bi Dodoso
Pa kuanzia: uwiano na mipaka yake, kisha kai-mraba, kisha t, kisha rigresheni (kukadiria kitu kimoja kwa kutumia vingine), kwa mfuatano huo. Rigresheni ya lojistiki itakufaa mapema kwa sababu "amekumbuka/hakukumbuka" ndiyo data yako kuu. Pakua jamovi, programu ya takwimu, ni bure na inasoma mafaili ya SPSS, programu nyingine ya takwimu. Kila jaribio lifanye kwanza kwenye data ya kubuni unayojua jibu lake.

Na ile ripoti andika: "A limekumbukwa na asilimia 48, B asilimia 39, tofauti ni pointi 9 (mipaka -0.7 hadi 18.7), p = 0.07. Tunapendekeza jaribio la pili lenye watu 472 kwa kila tangazo." Matokeo ya 400 hawa yabaki kando, usiyachanganye na ya jaribio jipya.