Kompyuta kamili, seva moja au wingu: ofisi yenye matawi ifuate mfumo upi?

Mtunza_TEHAMA

Habari za kazi, wakuu. Ninasimamia TEHAMA katika kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla, yenye makao makuu Dar es Salaam na matawi Morogoro, Dodoma na Mwanza. Tuna kompyuta za mezani 46, na 29 kati ya hizo bado zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipatia masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali prosesa zake ni za zamani mno kupokea Windows 11. Mkurugenzi anataka pendekezo moja mezani kwake, na amekwisha kudokeza kwamba angependa kila kitu kihamie kwenye wingu, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti, kama alivyoona kwa rafiki yake.

Ninaona njia tatu: kununua kompyuta kamili zenye diski na programu zake zenyewe, kuweka seva moja yenye nguvu ambayo wafanyakazi wataingia kwa vifaa vidogo visivyo na diski, au kukodi kompyuta pepe, yaani zinazoendeshwa ndani ya wingu na kuonekana tu kwenye skrini ya mfanyakazi, kwa malipo ya kila mwezi. Programu yetu ya uhasibu imewekwa kwenye kila kompyuta, lakini faili la data liko kwenye seva ya makao makuu, na mtu wa Mwanza husubiri karibu dakika nzima ankara moja ifunguke. Mliopita njia hii, ni gharama gani iliyowajia bila kutarajia?

Fundi_wa_Zamu

Mkuu, jibu umelitaja mwenyewe uliposimulia habari za Mwanza. Programu ya namna hiyo huliendea faili la data mara nyingi kwa kila ukurasa unaofunguliwa, kwa hiyo hata ukipeleka Mwanza kompyuta mpya kabisa, ankara itaendelea kusubiriwa vilevile. Mfanyakazi akifanya kazi ndani ya seva, programu na data zinakuwa chumba kimoja, na kinachosafiri ni picha ya skrini pamoja na anachobonyeza. Kwa matawi, mimi ningeweka seva bila kusita.

Gharama zilizotushtua sisi ni mbili. Ya kwanza ni leseni. Seva ya Windows inakuruhusu kutumia huduma ya kuingia kwa mbali kwa siku 120 bila leseni zake maalumu, ambazo hulipiwa juu ya zile za kawaida za seva, na muda huo ukiisha inawakataa watu. Kwetu uliisha tarehe 30, wahasibu wakiwa katikati ya kufunga mwezi, na ninakiri kwamba kosa lilikuwa langu. Ya pili ni umeme. Tulinunua UPS kubwa ya seva, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika, tukajivunia, na siku ulipokatika seva ilibaki hai kama tulivyopanga, lakini swichi ya mtandao ya ghorofa ya kwanza, kifaa kinachowaunganisha watu na seva, ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya ukutani. Watu kumi na wanane walikaa wakitazama skrini nyeusi huku seva ikiendelea kunguruma chumba cha pili.

Bi_Mitandao

Ninakubaliana na Fundi kuhusu matawi, ila wingu lisitupwe kabla ya kupimwa. Microsoft ina vituo vya data Johannesburg na Cape Town tangu mwaka 2019, kwa hiyo si lazima kila mbofyo uende Ulaya na kurudi. Tatizo ni njia ya kufika huko. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota kwa siku kadhaa. Ofisi yenye kompyuta kamili iliweza walau kuandika barua na kuchapa risiti, wakati ambapo anayefanyia kila kitu kwenye wingu asingekuwa na pa kuanzia.

Mweleze mkurugenzi pia kwamba malipo ya kukodi wingu huhesabiwa kwa dola na haina mwezi wa mapumziko, na kwamba taarifa za wateja zikivuka mpaka, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti yake. Ningewapa kompyuta pepe watu wachache wanaosafiri, kwa mfano mkaguzi wenu wa ndani, ambaye kompyuta yake ya mkononi ikiibwa kwenye basi haitakuwa na kitu ndani.

Karani_Mstaafu

Naomba niwatetee wanaobaki na kompyuta kamili. Mchoraji wa ramani na mtu wa matangazo watakulalamikia kila siku ukiwaweka kwenye seva ya pamoja. Ukinunua za mtumba kwa ajili yao, soma namba ya prosesa kabla ya kutoa pesa: i5-8500 inapokea Windows 11, i5-7500 haimo kwenye orodha, na kwa nje maboksi hayo mawili ni pacha. Chukua za aina moja, ili ukitengeneza diski moja uinakili kwa zote. Kulipia masasisho ya ziada ya Windows 10 ni dola 61 kwa kompyuta mwaka wa kwanza, na bei huongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu, kwa hiyo itumie kununua muda tu.

Halafu usiwatupe wale wazee 29. Ukiwawekea Linux nyepesi, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, wanaweza kuwa madirisha ya kuingilia kwenye seva, na hutanunua vifaa vidogo hata kimoja.

Mtunza_TEHAMA

Nawashukuru sana. Nitapendekeza seva kwa matawi na kaunta, kompyuta kamili kwa watu saba, na kompyuta pepe mbili za majaribio. Tutaanza na Morogoro, na hatutaigusa Mwanza kabla Morogoro haijafunga mwezi mmoja wa hesabu.

Fundi, baada ya kusoma ujumbe wako nilishuka kuitazama swichi yetu. Imechomekwa kwenye ekstensheni moja na birika la chai.