Naomba ushauri: mdogo wangu hayuko sawa tangu ajali

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu ni bodaboda hapa Morogoro. Miezi 5 iliyopita alipata ajali, abiria wake akafia palepale. Mguu umepona, lakini usiku anashtuka akipiga kelele, honi ya lori ikilia anatetemeka, na barabara ile haipiti kabisa. Mama anataka tumpeleke kwa mganga. Mimi nimesoma kuwa hiki ni kiwewe, na kwamba tiba ya mazungumzo na mtaalamu husaidia, wakati mwingine hata bila vidonge. Tuanzie hospitali ya mkoa, au twende moja kwa moja Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma? Akisikia Mirembe tu anasema, "Mimi si kichaa, kaka." Aliyewahi kuuguza mtu wa hivi, alimwambiaje hadi akakubali?