Tairi kubwa za A/T kwa pikapu: 265/70R17 au 285/70R17?

Kokoto77
Wakuu salaam. Tairi zangu zimekwisha. Mbili za nyuma ni vipara kabisa pale katikati, na moja ya mbele imeota nundu ubavuni, sitaki hata kuiangalia. Wiki ijayo nanunua nne mpya. Nimechoka na tairi za lami, safari hii nataka A/T, zile za lami na vumbi pia, na ziwe kubwa kidogo maana gari inagusa chini kila mara. Nimeonyeshwa BFGoodrich KO2, Falken Wildpeak, Yokohama Geolandar na Toyo Open Country. Muuzaji mmoja anasema niweke 265/70, mwingine anasema weka 285/70 usiogope, itaingia tu. Nichukue ipi? Naomba waliozitumia waseme.

Fundi_Difu
Mkuu, umeuliza tairi kabla hujatuambia gari. Gari gani? Sasa hivi imevaa saizi gani? Ringi ina upana gani? Imenyanyuliwa au iko kama ilivyotoka kiwandani? Unabeba nini, na njia zako lami ni kiasi gani? Bila hayo kila mtu hapa atapigia debe tairi yake tu.

Simba_wa_Matope
KO2. Mimi nimemaliza. BFGoodrich wanatengeneza A/T tangu 1976, hawa hawajifunzii kwenye gari lako. Seti yangu ya kwanza ilinipeleka zaidi ya kilomita 90,000 na bado niliigawa ikiwa na meno.

MwendoPole
Simba kila uzi wa tairi ni KO2, hata mtu akiuliza tairi ya toroli. Mimi nina Wildpeak mwaka wa tatu. Kwenye lami yenye maji ndiyo tairi iliyonipa amani, na kelele zake ni ndogo, mke wangu anaongea na simu humo ndani bila kupandisha sauti. Ina alama ya mlima wenye vilele vitatu na theluji pia, ile ya tairi zilizopimwa kwenye theluji, kama inakuhusu.

Simba_wa_Matope
KO2 nayo inayo hiyo alama.

Kokoto77
Samahani wakuu, nilikuwa na haraka. Ni dabo kebini, dizeli, gia za mkono, fowili ya kuweka na kutoa. Imevaa 265/65R17, ringi za kiwandani inchi 7.5 upana. Haijanyanyuliwa hata kidogo. Kazi yangu ni kufunga pampu za maji visimani. Nikienda nina kama kilo 500 nyuma, nikirudi gari tupu. Lami ni kama sitini kwa mia, iliyobaki vumbi, kokoto na wakati wa mvua utelezi.

Fundi_Difu
Sasa tunaweza kuongea. Tupige hesabu kwanza, majina ya tairi baadaye.

Hiyo namba ya pili, 65, ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana. Kwa hiyo yako: 265 mara 0.65 ni milimita 172. Ubavu wa juu na wa chini, jumlisha ringi ya inchi 17 ambayo ni 432, unapata kipenyo cha milimita 776. Ukienda 265/70 unapata 803. Ukienda 285/70 unapata 831.

Gari inapanda kwa nusu ya tofauti tu, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Yaani 265/70 inakupa milimita 13 chini ya difu, 285/70 inakupa 27. Wengi wanadhani wamepata inchi mbili kumbe wamepata unene wa kidole.

Mwendo nao unabadilika. 265/70 ni kubwa kwa asilimia 3.4, kipimo kikionyesha 100 unakwenda 103. 285/70 ni asilimia 7, kikionyesha 100 unakwenda 107. Vipimo vya kiwandani kwa kawaida husoma juu kidogo ya ukweli, kwa hiyo 265/70 mara nyingi inakirudisha karibu na ukweli. 285 inakipitiliza.

Na kwa gia zile zile, injini inaanza kuvuta gurudumu refu zaidi. Ukiwa na kilo 500 kwenye mlima utaisikia 285 gia ya tatu na ya nne. Utashuka gia mapema kuliko ulivyozoea.

MwendoPole
Ongeza mafuta. Na msidanganyike na hesabu za dashibodi. Ukiweka tairi kubwa, kilomita zinahesabiwa pungufu, mtu anakuja hapa analia gari inakunywa kuliko inavyokunywa kweli. Kwenye 265/70, dashibodi ikisema 500 umetembea 517. Zidisha kwanza ndipo ulalamike.

MtuWaVumbi
Kokoto77 naomba nieleze kwa kirefu, maana na mimi niliambiwa maneno hayo hayo, "itaingia tu".

Gari yangu ilikuwa na saizi kama yako. Nikavaa 285/70R17 bila kunyanyua. Pale pale kwa muuzaji nilikata usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, hakuna kilichogusa. Nikalipa, nikaondoka nimefurahi, gari imependeza.

Siku ya tisa nina mifuko ya saruji nyuma. Nashuka kwenye korongo dogo, usukani nimeukata, gurudumu la kushoto likapanda juu ya mzizi. Nikasikia mlio kama mtu anachana turubai. Nimeshuka, ile plastiki ya ndani ya madigadi imeng'oka upande wa nyuma wa gurudumu, tairi imeizungusha, na njiani imevuta waya wa sensa ya ABS ukakatika. Taa mbili zinawaka kwenye dashibodi. Niliifunga ile plastiki kwa kamba ya viatu nikafika.

Hayo nikayamaliza. Mwezi uliofuata jiwe likachana ubavu wa tairi ya mbele kulia. Spea yangu ilikuwa bado ile ya zamani, 265/65, kwa sababu 285 ilikataa kuingia kwenye nafasi yake chini ya bodi na sikutaka kuiweka nyuma na mizigo. Nikafunga spea, fowili iko ndani kwa ajili ya mchanga, nikaendelea. Nilipofika kwenye lami sikukumbuka kuitoa. Kilomita mbili mbele usukani umekuwa mzito, gari inakokota kama nimesahau breki ya mkono, na lever ya fowili haitoki. Navuta kwa mikono miwili, haitoki. Mbele nina tairi moja ya 776 na moja ya 831, nyuma zote 831. Mbele na nyuma hazizunguki sawasawa, transifa, ile gia inayogawa nguvu mbele na nyuma, imejikaza na lami haina nafasi ya kuachia kama mchanga.

Dereva mmoja mzee wa lori alisimama. Hakuuliza mengi. Akasema "rudi nyuma taratibu, kama mita kumi, huku unaisukuma lever." Nikarudi. Ikatoka na mlio wa chuma ambao mpaka leo nikiukumbuka nasisimka mwili. Transifa ilipona, ila ningetembea kilomita hamsini hivyo nisingekuwa hapa nasimulia habari ya tairi, ningekuwa nasimulia habari ya gia boksi.

Kwa hiyo saizi yoyote utakayochukua, nunua tano. Si nne. Tano.

Simba_wa_Matope
Pole sana mkuu. Lakini hapo kosa si la 285, ni kutokunyanyua. Funga springi na shokapu za inchi mbili, 285 inakaa bila shida. Watu wengi wako nazo.

Fundi_Difu
Hapana Simba, hapa tusimpotoshe mtu. Kunyanyua kunapandisha bodi gari ikiwa imesimama. Springi ikibonyea mpaka mwisho, gurudumu linarudi pale pale lilipokuwa linafika zamani. Ajali ya MtuWaVumbi ilitokea springi imebonyea na usukani umekatwa. Inchi mbili ingeichelewesha tu. Kinachotoa nafasi pale ni kurudisha plastiki nyuma kwa pasi ya moto, kukata kidogo, au kuongeza mpira wa kuzuia springi isifike mwisho.

Simba_wa_Matope
Springi ngumu haibonyei mpaka mwisho kirahisi.

Fundi_Difu
Ukiwa na kilo 500 na korongo, inabonyea. Na usije ukamwambia aweke ringi za kutoka nje. Ringi ikitoka nje, usukani ukikatwa tairi inazunguka duara pana zaidi na inagusa bampa mbele na plastiki nyuma. Watu wanadhani wanaongeza nafasi, wanaipunguza.

DadaSpana
Naona mnapigana na 285, na hakuna aliyesoma alichoandika Kokoto77 mwanzo kabisa. Kaka, umesema za nyuma zimekuwa vipara katikati. Pembeni bado zina meno?

Kokoto77
Ndiyo dada, pembeni zina meno mazuri kabisa. Inaniuma kuzitupa.

DadaSpana
Unajaza upepo kiasi gani?

Kokoto77
44. Ndivyo ilivyoandikwa ubavuni.

DadaSpana
Nilijua. Hiyo ya ubavuni ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari lako. Kipimo cha gari lako kiko kwenye stika ya mlango wa dereva, na kwa kawaida kina namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Wewe unarudi tupu na 44 nyuma, tairi imevimba, inakanyaga kwa katikati tu. Ndiyo maana zimekwisha hivyo. Ukiendelea hivyo hata hizo A/T utazimaliza kabla ya wakati, uwe na KO2 au Wildpeak au nyingine yoyote.

Babu_Trela
Dada, mimi nimebeba mizigo maisha yangu yote. Mzigo ni upepo. Tairi yenye upepo mdogo na mzigo inachemka, inabasti. Heri iishe katikati kuliko ibasti.

DadaSpana
Shikamoo babu. Hatupingani, ukiwa na mzigo ongeza, stika yenyewe inasema hivyo. Nasema akishusha mzigo apunguze. Pima asubuhi tairi ikiwa baridi, tembea saa moja, pima tena. Ikiwa imepanda kama psi 4 uko vizuri. Ikipanda zaidi sana, ulianza na upepo mdogo kwa mzigo ule na tairi inachemka. Isipopanda hata hizo, ulizidisha.

Babu_Trela
Marahaba. Hiyo ya kupima mara mbili nitaijaribu kwenye trela.

Fundi_Difu
Na hapa ndipo swali la LT linapoingia, ambalo muuzaji hatakuambia. Saizi moja inaweza kuja ya kawaida au LT, yaani ya gari la mizigo mepesi. Tairi ya kawaida kama yako ikiwa na namba ya mzigo 112, kila moja inabeba kilo 1120. LT265/70R17 ya daraja la E ina 121, kilo 1450, na ubavu mgumu unaostahimili kokoto. Lakini ile 1450 inaipata kwenye psi 80. Ukiijaza upepo wa stika uliotoka na tairi za kawaida, inabeba pungufu. LT inataka upepo zaidi kwa mzigo ule ule.

MwendoPole
Na ikiwa tupu inaruka kama mbuzi. Na ni nzito. Nilipima ya rafiki yangu kwenye mizani, ilizidi yangu kwa kilo saba na kitu. Kilo saba kwenye kila gurudumu, breki na shokapu zinaijua.

MtuWaVumbi
Aruke tu, lakini ubavu ule ungeniokoa siku ya jiwe. Kwa kokoto mimi nachukua LT kila siku.

MwendoPole
Sitini kwa mia ni lami, kasema mwenyewe.

Simba_wa_Matope
Na pancha zake zinatokea kwenye ile arobaini.

Babu_Trela
Angalia na tarehe. Kwenye ule mwandiko wa DOT, namba nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Mimi niliwahi kuuziwa "mpya" nne, meno marefu, zinang'aa, nimefika nyumbani nikasoma, mbili zimepishana miaka mitano. Mpira ule ulikuwa umeshakauka, nyufa kama ardhi ya kiangazi. Soma zote, si moja. Tarehe mara nyingi iko upande mmoja tu, na wanaujua, wanaugeuzia ndani.

Kokoto77
Wakuu nashukuru sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyotegemea. Jioni hii nimelala chini ya gari na tepu. Nafasi ya spea: 803 itaingia kwa kubana, 831 haiingii, inagusa bomba la moshi. Kwa hiyo moyo umeegemea 265/70, tano. Upepo nimeshausoma kwenye mlango, nyuma ni 29 tupu na 36 na mzigo, kumbe nimekuwa nikiziua mwenyewe.

Sasa kuna jambo jipya. Jirani yangu anauza gari lake na anataka kuniachia seti yake ya 285/70 LT, tano, zimetembea miezi minne, na ringi zake za inchi 8. Bei yake ni nusu ya mpya. Zile 265/70 nilizoonyeshwa dukani ni za kawaida, LT hawana mpaka waagize. Nisubiri LT, nichukue za kawaida, au nichukue za jirani nikate plastiki?

Simba_wa_Matope
Za jirani ni aina gani?

Kokoto77
KO2.

Simba_wa_Matope
Chukua.

MtuWaVumbi
Usichukue. Spea umesema mwenyewe haiingii.

DadaSpana
Soma tarehe kwanza, na angalia hizo ringi zimetoka nje kiasi gani. Nyuma ya ringi kuna ET na namba, ndiyo inayoonyesha ringi imekaa ndani au nje kiasi gani. Leta hiyo namba hapa.

Fundi_Difu
Na kabla hujampa mtu hela, muombe jirani akuazime gurudumu moja tu. Lifunge mbele kushoto, panda kwenye tuta kwa gurudumu hilo, kata usukani mpaka mwisho, upige picha nyuma ya tairi. Usitoke nalo barabarani, pale pale tu. Iweke picha hapa tuione.