Mjadala: Maini, vichwa na matumbo ya wanyama wa kuwindwa yaachwe porini au yaletwe buchani?

Mchunaji wa Rungwa (mleta mada)
Wakuu, salaam. Nimefanya kazi ya kuchuna kwenye kambi za uwindaji upande wa Rungwa kwa muda mrefu, na kuna jambo linaniuma. Tangu kanuni za kuuza nyamapori zitoke mwaka 2020, mtu wa mjini anaweza kununua nyati au swala kwa risiti bila kumwogopa askari. Hilo ni jema. Lakini angalieni kinachoning'inia kwenye ndoano: mapaja, mikono, mbavu, steki. Kichwa kiko wapi? Ulimi, moyo, mapupu, matumbo, makongoro?

Mimi nawaambia viko wapi. Vimebaki pale mnyama alipoangukia, vinaliwa na tai. Pofu dume, yule swala mkubwa, anafika hata kilo 900, ini lake peke yake linajaza beseni. Nimeona watu wanaondoka na pembe, ngozi na minofu, na ini bado linatoa mvuke kwenye majani. Kijiji kiko karibu, watu wanakula ugali kwa mlenda.

Napendekeza leseni iseme wazi: anayeua alete mnyama mzima, au sehemu za ndani azikabidhi kwa kijiji jirani siku hiyo hiyo. Figo zibaki kwa waliowinda, hilo ni la wanaume tangu enzi za mababu, halina mjadala.

Mama Wawili, Same
Mleta mada, nilikuwa nakubali kila mstari mpaka ulipofika kwenye figo. Nani kakwambia halina mjadala? Kwetu nimelelewa nakimbiza kuku, nanyonyoa, nachoma manyoya ya mwisho kwenye moto, napika, kisha firigisi inawekwa kwenye sahani ya baba na mimi naambiwa msichana akiila hana adabu. Sasa umetoka kwa kuku umehamia kwa swala. Wanaoishiwa damu kliniki ni wajawazito. Wao wanaambiwa na nesi wale maini, nyinyi mnawaambia mababu wamekataa.

Afisa Mifugo Mstaafu
Ndugu zangu, kabla ya kugawana tukumbuke kimeta. Mwaka 2016 mwishoni, Selela kule Monduli, wanyamapori walikufa kwa kimeta na watu wakaugua. Mnyama akiwa na kimeta damu yake huwa nyeusi na haigandi, inatoka puani na sehemu ya haja, na bandama inavimba na kulainika kama uji mzito. Ukishampasua umeshaachia vimelea hewani na ardhini, na vinakaa kwenye udongo miaka mingi. Ini nalo lina mambo yake: minyoo bapa kwenye mirija ya nyongo, mifuko ya maji ya tegu. Minofu inasamehe mengi, viungo vya ndani havisamehi. Swali langu kwa mleta mada: huko porini nani atakagua?

Mchunaji wa Rungwa
Dada wa Same, sikutunga mimi. Nenda Bonde la Yaeda kwa Wahadzabe, watu walioishi kwa kuwinda kabla ya sisi sote kufika. Mnyama mkubwa akiuawa, figo, moyo, mapafu, ulimi na nyama ya shingo ni epeme, inaliwa na wanaume waliokwisha kuingizwa kwenye mila hiyo, faragha. Mwanamke na mtoto hawasogei. Hao nao utawaambia hawana adabu?

Mama Wawili, Same
Nitawaambia sijaolewa Yaeda. Mimi nimekuuliza habari ya nyumbani kwako wewe. Mkeo anakula figo au hali?

Jirani wa Namanga
Jameni, sisi huku Kenya tunawasoma tu. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na ile ya mashamba ya wanyama kuvunwa kidogo nayo ikafungwa miaka ya 2000 mwanzoni. Zamani Carnivore pale Nairobi ulikuwa unakula kongoni na pundamilia wazi wazi. Leo ukipatikana hata na mguu wa dikidiki uko korokoroni. Kwa hivyo mkiwa na ini la pofu la kutupa, mjue kuna watu wanalitamani. Tena matumbo na damu tungeyatengeneza mutura, ile soseji yetu ya utumbo, mngekuja kuomba.

Mwana Mugumu
Na huku kwetu Mugumu, kando ya Serengeti, unadhani ni tofauti? Mnaongea kama watu wa mjini wote. Mwanakijiji akikutwa na kipande cha nyumbu jikoni bila kibali anashtakiwa kwa kukutwa na nyara za Serikali, na kifungo chake kinafika miaka 20. Ishirini! Nyama ile ile ambayo mleta mada anasema inatupwa. Mtu mwenye leseni akiacha ini zima porini hana kosa, mama wa kijijini akiliokota ana kosa. Hapo ndipo mjadala ulipo, nyie mnazungumza firigisi.

Mchunaji wa Rungwa
Mwana Mugumu, hicho ndicho nilichosema, kikabidhiwe kijijini kwa karatasi. Usinigeuze mtu wa mjini. Mikono yangu imenuka kuro, yule swala wa kando ya maji, zaidi ya unavyojua. Na mchunaji anayejua kazi hairuhusu ngozi ya kuro iguse nyama, maana yale mafuta ya manyoya yakishika kwenye paja hakuna limao litakaloyaondoa. Mkono unaoshika ngozi haushiki kisu cha nyama. Ndiyo maana watu wanasema kuro haliki, wakati amechunwa vibaya tu. Na moyo wake hauna harufu yoyote.

Mbondei
Kuro umemsema kweli. Marehemu baba alikuwa hamli, na sababu ni hiyo hiyo.

Msafiri wa Minnesota
Niko Marekani. Huku kuna hawa paa wenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka. Wanawindwa Novemba, baridi kali, nyama haiharibiki hata ukiburuta mnyama mchana kutwa. Wazungu wengi wanamwaga matumbo na maini pale pale, wanabeba mwili. Mimi nimewaomba majirani waniachie maini, mioyo na ndimi, wananiletea kwa furaha. Moyo wa paa ukiukata vipande vyembamba, ukautia ndimu, tangawizi na pilipili manga, kisha chuma cha moto dakika chache tu, hutagusa steki tena.

Ila kuna ugonjwa wa paa, uligunduliwa Colorado 1967, mnyama anakonda na kuchanganyikiwa hadi anakufa. Haujathibitishwa kumpata binadamu, lakini wanashauri usile ubongo, macho, uti wa mgongo, bandama wala tezi, na maeneo yenye ugonjwa upime kwanza. Bandama naitupa.

Ustadh wa Tanga
Ndugu wa Minnesota, hao wazungu wanapopiga risasi wanataja jina la nani? Umelifikiria hilo kabla ya tangawizi? Mwindaji akisoma Bismillahi anapofyatua na mnyama akafa kwa jeraha, wanazuoni wengi wa sasa wanaruhusu. Akikutwa bado ana uhai, achinjwe. Na ini na bandama zote mbili ni halali, Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa tumehalalishiwa maiti mbili na damu mbili: samaki na nzige, ini na bandama. Kilichokatazwa ni damu inayomwagika. Hiyo mutura ya jirani wa Namanga na kile kisusio cha Wachagga, sisi hapana.

Jirani wa Namanga
Ustadh, kuna mutura isiyo na damu pia. Usiifungie mlango yote.

Afisa Mifugo Mstaafu
Ustadh, kwa heshima, sijasema bandama ni haramu. Nimesema bandama ndiyo inayotoa habari. Ukiikuta imevimba na nyeusi, weka kisu chini, usimguse tena mnyama yule, piga simu. Halali haiwezi kuua vimelea vya kimeta. Na bado sijajibiwa: nani anakagua?

Ustadh wa Tanga
Na mimi sijasema mle mnyama mgonjwa. Dini imekataza kujidhuru. Usinitie maneno mdomoni, daktari.

Mama Wawili, Same
Mleta mada anajibu kuro, hajibu mkewe.

Mchunaji wa Rungwa
Mke wangu anakula maini mpaka anachoka. Figo hapendi mwenyewe, zinanuka mkojo anasema.

Mama Wawili, Same
Zinanuka kwa sababu hujampasulia ukatoa ule mshipa mweupe wa katikati ukaziloweka maji ya chumvi na siki. Mchunaji wa miaka yote hiyo! Basi hajui utamu wake kwa kuwa hajawahi kupewa zilizoandaliwa, na wewe unaita mila.

Mbondei
Hapo dada umempiga. Kwetu ulimi ndio wa mjomba, figo yeyote.

Mwana Mugumu
Nauliza tena. Hiyo karatasi ya kukabidhi, askari wa doria ataikubali usiku? Mama ana sufuria la matumbo jikoni, karatasi iko kwa mtendaji wa kijiji, mtendaji kasafiri. Nani anapanda karandinga?

Afisa Mifugo Mstaafu
Hilo ni swali la maana, na linaungana na langu. Gawieni sehemu moja, mchana, mbele ya ofisi ya kijiji, mkaguzi wa nyama wa kata akiwepo. Anapasua ini mara mbili tatu kuangalia mirija, anakata moyo, anapapasa mapupu, anatazama bandama. Kisha kinapikwa au kinauzwa siku ile. Hakuna kuhifadhi hadi kesho bila barafu.

Msafiri wa Minnesota
Na wajawazito daktari? Maini kila siku nasikia si salama.

Afisa Mifugo Mstaafu
Mimi ni wa mifugo, ila ni kweli ini lina vitamini A nyingi mno, mjamzito asile kwa wingi, amsikilize nesi wake. Moyo na figo zina madini ya chuma bila wingi huo.

Mama Wawili, Same
Mmesikia? Daktari kasema figo za mjamzito.

Mchunaji wa Rungwa
Kasema moyo na figo. Ofisi ya kijiji na mkaguzi naunga mkono, iandikwe kwenye leseni. Ini, moyo, ulimi na kichwa kwanza, ndivyo vinavyofika vikiwa vizima. Matumbo bila maji ya mto karibu ni kazi ngumu, yanavimba ndani ya saa moja kwa joto la kule. Mwenye uzoefu wa kuyasafisha porini aseme anafanyaje.

Mbondei
Unakung'uta samadi yote, unageuza nje ndani, unasugua kwa majivu. Majivu mengi, maji kidogo. Ila ule utumbo wa kitabu, wenye tabaka kama kurasa, unaupasua kurasa kwa kurasa, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa.