Umeme wa bei ya mnyonge: mpangaji wa chumba kimoja haumfikii!

Wakuu, hili jambo limenifika shingoni.

Tarifu D1 ya TANESCO (daraja la bei ya umeme) ipo tangu zamani na inasemwa ni ya watu wa kipato cha chini: shilingi 100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Ukijumlisha VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (mdhibiti wa nishati) 1% unalipa 122. Sasa niambieni, mpangaji gani wa Manzese, Tandale au Mbagala anaipata? Kwetu ni vyumba sita, familia sita, luku (mita) moja. Gawa 75 kwa sita: uniti 12 na nusu kila mlango. Taa, feni na TV tu vinazimaliza katikati ya mwezi.

Nyumba nzima inavuka 75, basi mita iko T1, tarifu ya matumizi ya kawaida: shilingi 292 kwa uniti, na makato inafika 356. Elfu tano kwa D1 ni uniti 41. Elfu tano yetu ni 14! Na ole wako uwe wa kwanza kununua mwezi ukianza, 1,500 ya kodi ya jengo inakatwa kwako. Jengo la nani? Mimi nina kitanda na ndoo humo.

Wakati huohuo mtu mwenye nyumba yake ya mapumziko Kibaha, anayoifungua wikiendi tu, hafikishi uniti 75, kwa hiyo anaweza kuwa D1. Mita haiulizi kipato!

Msiniambie habari za submita. Submita inaonyesha nani katumia ngapi, bei ni ileile. Wala msiniambie kila mpangaji avute umeme wake. Kuunganishiwa mjini ni 320,960, halafu unaiacha kwenye nyumba ya mtu siku akikupa notisi.

Tunahimizwa nishati safi ya kupikia, lengo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Vizuri. Kwetu mwenye nyumba kapiga marufuku pasi na jagi la umeme, jiko ndiyo usithubutu kulitaja. Tunapikia mkaa koridoni, watoto wanakohoa. Majirani waliokuwa wakiuguzana leo hawasalimiani kisa elfu mbili ya luku, kila mmoja anachungulia mwenzake kawasha nini. Hii inaniuma kuliko hata hela yenyewe.

Uniti 75 zihesabiwe kwa KAYA, siyo kwa mita. Nyumba ya kaya sita ipewe 450 kwa bei ya D1, basi. Na asije mtu na hoja kwamba hatujulikani tuko wangapi. Sensa ya 2022 ilitufikia mlango kwa mlango, mjumbe anatujua kwa majina, na serikali ya mtaa haikosi kutupata ikitaka mchango.

Wabunge wa Dar, bajeti ya Nishati ikisomwa tena tunataka kulisikia hili. Na kama kuna mdau ambaye nyumba yao ya wapangaji iliwahi kurudishwa D1, aseme walipitia wapi.